Painti ya Pili

Saa moja asubuhi Nthenya alikuwa tayari amevaa gauni la kijani la kupasuliwa, tumbo tupu tangu jana jioni. Wiki ya saba hii analala chali. Nyonga ya kushoto ilivunjika siku alipoteleza kwenye kioski cha maji kule Marungu, mtungi mgongoni. Kilichomuuma zaidi, aliwaambia wenzake wadini, ni kwamba mvua haijanyesha misimu mitatu, na yeye akaenda kuteleza kwenye tope pekee la lokesheni nzima.

"Leo ndiyo leo," alimwambia Pauline wa kitanda cha pili. "Nikianza kutembea, mtu wa kwanza kukanyagwa ni wewe."

Pauline hakucheka. Yeye aliwekewa nyonga ya chuma mwezi uliopita, siku ambayo sindano ya kuzuia damu isimwagike sana haikuwepo. Damu ilijaa ndani ya kidonda, pakavimba, mshono ukaachia. Mpaka leo bandeji yake ilikuwa ikilowa kabla ya chai ya saa nne.

Daktari wa mifupa alikuja Voi mara moja kwa mwezi kutoka Mombasa. Safari iliyopita alimweleza Nthenya bila kuzungusha maneno: kazi ya nyonga inamwaga damu. Anataka painti mbili kwenye friji na ile sindano mkononi, la sivyo hamgusi. Sindano ilikuwa imefika, moja. Painti ya kwanza alitoa Mwelu, bintiye, wiki iliyopita. Mfuko ukapimwa, ukabandikwa jina la mamake. Ya pili hospitali ingeitoa kwenye akiba yake, mradi mtu wa Nthenya atoe ya kurudishia. Ndiyo maana akina mama wa ushirika wa kanisa la Marungu walikuwa njiani.

Walifika saa mbili, watano, vitambaa vyeupe kichwani, Mama Everlyne mbele. Wakaketi kwenye benchi la veranda nje ya maabara. Kitanda cha Nthenya kilikuwa chini ya dirisha la veranda hiyo hiyo, kwa hivyo hakukosa neno.

Festus wa maabara alimpima wa kwanza presha. Akarudia. Akampima wa pili.

"Mama, asubuhi umekula nini?"

"Sijala."

"Na jana?"

"Tumefunga siku tatu," Mama Everlyne akajibu kwa niaba ya wote, kifua mbele. "Maji matupu. Tunamuombea dada yetu operesheni iende salama."

Festus akaweka kalamu chini. "Mnafunga siku tatu, halafu mnakuja kutoa damu?"

"Sasa tungemuombea tukiwa tumeshiba?"

Festus akawadunga vidole mmoja mmoja, akidondosha tone kwenye kichupa cha maji ya buluu. Damu nzuri huzama. La Mama Everlyne lilielea juu kama nzi. La aliyefuata pia. Yote matano.

"Hii si ya siku tatu," alisema, sauti imeshuka. "Hii ni damu ya miezi mingi ya kulala njaa. Siwezi kuwatoa."

"Festus!" Nthenya akaita kupitia dirishani. "Toa kikombe kikombe, mwanangu! Tutaunganisha!"

Wadi ikacheka. Mwelu, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, alikuwa ameshatoka nje anakunja mkono wa blauzi.

"Chukua yangu tena."

"Wewe ulitoa juzi tu. Nikikutoa tena nitakuwa na wagonjwa wawili."

Mwelu akarudi ndani na mkono wake umekunjuliwa. Nyuma yake akaingia Sista Wakesho, mkuu wa wadi, na faili.

"Mama Mwelu, leo hatutaendelea."

"Sista, sindano si ipo? Mwambie daktari afanye na painti moja. Nitazame nilivyo, nina damu gani ya kumwaga?"

Sista akaiangalia faili. "Hata hiyo moja tumeiazimisha."

"Mmemwazimisha nani?"

"Kuna mgonjwa aliletwa jana wadi ya kulipia. Mamake mheshimiwa. Naye ni nyonga, na damu yake ni kundi moja na lako."

"Na sindano?"

"Si ilikuwa moja?"

"Kwani yeye hana watoto wa kutoa damu?" Mwelu akauliza.

"Mheshimiwa ana mkutano. Alituma dereva, na dereva anasema hakuambiwa mambo ya damu." Akafunga faili. "Tutairudisha. Mwezi ujao hao akina mama waje wameshiba."

"Wameshiba." Nthenya alilitamka polepole. "Sista, wewe kwenu Wundanyi kuna ndizi. Marungu umewahi kufika?"

Sista akabandua kikaratasi cha *Asile* kilichobandikwa ukutani juu ya kitanda. "Mletee mama chai," alimwambia Mwelu, akaenda zake.

Nje, wale watano hawakuwa wameondoka. Mama Everlyne alisema damu ikikataliwa, maombi hayapimwi kwa kichupa. Ndipo machela ikapita verandani, mtu amefunikwa shuka la kijani mpaka kidevuni, muuguzi kando yake amebeba mfuko mwekundu. Ikaelekea thieta, chumba cha upasuaji.

"Ndiye huyo!" Mama Everlyne akaruka. "Damu imepatikana! Bwana asifiwe!"

Wakalipuka kwa wimbo wa Kikamba, makofi yakigonga ukuta mpaka Festus akachungulia. Mwelu akageuka kwenda kuwaambia. Nthenya akamdaka mkono.

"Waache."

"Mama, wanamwimbia mtu mwingine!"

"Najua. Ukiwaambia, wataanza kufunga upya."

Wimbo ukaingia ubeti wa pili. Mlango wa thieta ukafungwa, taa nyekundu juu yake ikawaka. Mama Everlyne, mikono juu, akapepesuka, akashika nguzo, akaendelea kuimba.