Tarishi Asiyepisha

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumatatu ya pili ya Machi mwaka 1951, Nasike alikuwa akianika mablanketi ya waombolezaji juu ya ua wa miiba kando ya barabara ya Langas, mumewe akapita kwa baiskeli akienda kazini. Walikuwa wamemzika Jumamosi. Alivaa kaptura yake ya kaki, mkoba wa barua begani, na alipiga pedali polepole kama kawaida yake, kwa sababu goti la kushoto lilimsumbua tangu ujana wake.

"Baba Namalwa," Nasike akamwita, "umekunywa hata chai?"

"Nimechelewa," Murunga akasema, akapita.

Nasike aligeuza blanketi upande wa pili, akalinyoosha. Ndipo alipoona kwamba mumewe alikuwa akiendesha katikati ya barabara. Hilo ndilo lililomfanya aache kazi na kusimama kutazama.

Kwa miaka kumi na mmoja Murunga alikuwa tarishi wa ofisi ya barabara mjini, na miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kupisha. Barabara ilikuwa nyembamba; upande mmoja ua wa miiba wa shamba la mzungu, upande wa pili mtaro. Gari likipiga honi, Murunga aliingia mtaroni au alijibana kwenye ua na baiskeli yake, akangoja vumbi litulie, akatoka. Jioni alirudi na miiba mikononi, na Nasike akaitoa mmoja mmoja kwa sindano. Watu wengine wa Langas waliokwenda mjini kwa baiskeli, kama arobaini hivi, walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1946 waliiandikia ofisi barua wakiomba njia ya baiskeli, futi nne tu, kati ya ua na barabara. Murunga mwenyewe ndiye aliyeipeleka. Kila Januari alirudi na jibu kwenye mkoba: ombi lenu linashughulikiwa. Majibu yalifika matano.

Ijumaa ile aliyokufa, mtaro ulikuwa umejaa matope mpaka juu. Lori lililobeba mbegu za ngano lilipiga honi mara moja, likambana Murunga kwenye ua. Mkulima aliyekuwa akiliendesha alishuka, akamwangalia, akapanda tena, maana mbegu zilikuwa zikingojewa shambani.

Sasa Murunga alikuwa kwenye mgongo kabisa wa barabara, na nyuma yake kulikuwa na magari matatu. La kwanza lilipiga honi. Hakugeuza shingo. Dereva akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, magurudumu yakazunguka, mawe yakaruka, lakini gari likabaki hatua kumi nyuma ya baiskeli kama lilivyokuwa. Wakaenda hivyo mpaka daraja la mto Sosiani, wakapanda hivyo hivyo mpaka mjini. Murunga aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ofisi, akaketi kwenye benchi la matarishi. Karani Kipyego akampa barua za kupeleka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba ameacha kazi. Mchana benchi lilikuwa tupu. Jioni hakuonekana kwenye barabara ya kurudi. Alikuwa amekufa akienda, basi alikuwa anakwenda tu.

Jumatano magari yaliyomfuata yalifika ishirini na matatu. Watu wa baiskeli nao walikuwa wameshaona faida yake. Kipkemboi, jirani aliyepeleka maziwa mjini kwa mikebe miwili iliyofungwa kwenye keria, alijiweka hatua chache mbele ya Murunga na kupiga mluzi njia nzima. Wengine wakajipanga kushoto na kulia. Kwa mara ya kwanza walifika kazini viatu vikiwa safi.

Alhamisi Nasike aliitwa mjini. Mkubwa wa ofisi ya barabara, Bwana Merrick, alikuwa amechelewa kazini siku nne mfululizo, maana naye alikaa upande wa Langas.

"Wewe ambia bwana yako toka barabara," alisema. "Watu ya kazi nachelewa."

"Mimi nilimwambia hivyo miaka kumi na mmoja," Nasike akajibu. "Nilimwambia, toka, Baba Namalwa, utaumizwa. Na alikuwa anatoka. Saa hii amekataa."

Bwana Merrick alimsukumia Kipyego karatasi. Kipyego akaisoma kwa Kiswahili, sauti ikiwa ndogo. Ilisema kwamba marehemu Murunga aligongwa kwa uzembe wake mwenyewe, akiendesha baiskeli katikati ya barabara. Kwamba anaendelea na kosa hilohilo. Na kwamba mjane wake anamtaka aache. Bwana Merrick aliamini kwamba mtu wa ofisi, hata akiwa amekufa, ataheshimu karatasi yenye alama ya kidole cha mkewe. Nasike akiweka kidole, ataendelea kukaa katika nyumba ya ofisi pale Langas. Asipoweka, nyumba ni ya mfanyakazi, na mwisho wa mwezi itatakiwa.

"Ijumaa alikuwa wapi?" Nasike alimwuliza Kipyego.

"Mama, mimi nimeandika tu vile niliambiwa."

"Sijakuuliza umeandika nini."

Kipyego alifunga chupa ya wino. Alikuwa amekaa benchi moja na Murunga miaka mingi kabla ya kupewa meza. "Alikuwa pembeni," akasema. "Kwenye miiba."

"Basi andika hivyo, na mimi nitaweka kidole hata viwili."

"Yeye nasema nini?" Bwana Merrick akauliza.

"Mwambie ombi lake linashughulikiwa," Nasike akasema, akafunga leso yake, akaondoka kwa miguu.

Mwisho wa mwezi nyumba ilitiwa kufuli. Nasike alihamia jikoni kwa Chepkoech, mke wa Kipkemboi, akaja na sufuria, godoro na baiskeli ya mumewe. Baiskeli ilikuwa pale jikoni, gurudumu la mbele limekunjika, na kila asubuhi ilikuwa pia barabarani, nzima, chini ya Murunga. Nasike hakuona kwamba hilo lilihitaji maelezo. Alimwomba Kipkemboi amnyooshee gurudumu, halafu akamwomba amfundishe kuendesha.

Jambo hilo ndilo lililowashangaza watu wa Langas. Habari za Murunga zilikuwa zimezungumzwa siku mbili zikaisha, lakini mwanamke mzima, mwenye binti aliyeolewa, kukaa juu ya baiskeli kulizungumzwa wiki nzima, kanisani na kisimani. Nasike alianguka mara nyingi. Kipkemboi alimshikilia kiti kutoka nyuma na kumfokea kama anavyomfokea ndama.

"Angalia mbele, Mama Namalwa! Ukiangalia shimo, utaingia shimo."

"Na gari likija?"

"Kwani gari halina macho?"

Ofisi ya barabara, kwa upande wake, ilifanya kazi ambayo haikuwahi kuonekana Sisibo, kama watu walivyouita mji ule. Yalikuja makatapila mawili ya kusukuma udongo na vibarua mia moja na themanini, na katika siku kumi na tisa barabara mpya ya morami, ule udongo mwekundu wa changarawe, ilikuwa imekamilika, imekwepa ile ya zamani yote mpaka karibu na daraja. Ilijengwa juu ya kijia ambacho wanawake walipitia wakipeleka mboga sokoni. Ilikuwa pana vya kutosha magari mawili kupishana bila kupunguza mwendo. Njia ya baiskeli haikuwekwa, kwa sababu jambo hilo lilikuwa na faili lake na faili lilikuwa bado halijajibiwa. Barabara ya zamani ilifungwa kwa seng'enge, ikapewa shamba la jirani. Murunga alipita katikati ya seng'enge kila asubuhi bila kupunguza mwendo, peke yake, ng'ombe wakimtazama. Walio hai walilazimika kupita barabara mpya.

Siku ya tatu ya kupita huko, karibu na mwisho wa barabara hiyo, gari dogo lilimgonga Kipkemboi kwa nyuma. Maziwa yalitiririka mpaka kwenye mawe ya pembeni. Aliyekuwa akiendesha aliandikisha kwamba hakumwona.

Walimzika Jumapili. Jumatatu alfajiri Chepkoech aliamka kama kawaida, akachuja maziwa, akayatia katika mikebe miwili mipya na kuipeleka kando ya barabara. Nasike alisimama naye. Kipkemboi alifika saa moja kasoro dakika kumi, akasimama, akaifunga mikebe kwenye keria, akapanda, akaingia katikati ya barabara mpya. Magari yakaanza kujipanga nyuma yake. Wateja wa mjini baadaye walisema maziwa yalikuwa baridi kuliko zamani, lakini hayakuwa na kasoro.

"Hata hajaniangalia," Chepkoech akasema.

"Ataangalia. Wangu hakuniangalia mpaka wiki ya pili. Ile siku ya kwanza alinijibu tu kama mtu anajibu mpita njia."

Chepkoech alivuta kamasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa ya kukamua, na Nasike hakuwa amewahi kumwona akilia mbele ya watu. Wakamtazama Kipkemboi mpaka akapotea kwenye mteremko.

"Asubuhi watu wa baiskeli wanaangaliwa," Chepkoech akasema. "Jioni nani anawaangalia?"

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua. Maiti walikwenda tu, hawakurudi. Kuanzia saa kumi na moja jioni, wafanyakazi walipotoka mjini, barabara ilikuwa ya magari. Katika mwezi huo mmoja seremala alivunjika nyonga na mpishi wa hoteli alipoteza meno sita. Bwana Merrick naye alibandika tangazo: magari yaendayo mjini kutoka kusini, upande wa Langas, yanashauriwa kuondoka nusu saa mapema. Ofisini kwake mambo yakawa yametengemaa.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja jioni, Nasike alikuwa mjini. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo mahali ambapo watu wa Langas hukutana, akawangoja. Walipofika aliwaambia anataka waende pamoja, wote, katikati.

"Mama, sisi hatujakufa," akasema mmoja wao, mshonaji aitwaye Chelimo. "Hao wafu, magari hayawezi kuwapita. Sisi yatatupita juu."

"Najua."

"Na ukigongwa?"

"Nikigongwa nitaenda asubuhi na Baba Namalwa," Nasike akasema. "Lakini jioni hii nataka kwenda nikiwa hai. Anayetaka kuingia mtaroni, mtaro uko pale."

Akapanda. Hakuwa amezoea bado, na usukani ulimtetemeka mpaka alipovuka daraja. Alikuwa na hofu, na alijua kwamba hakuna kitu nyuma yake kitakachozuia gurudumu la gari. Alisikia baiskeli moja ikija ubavuni. Alikuwa Chelimo, akinung'unika peke yake. Kisha zikaja nyingine, nne, kumi, zikajaza barabara kutoka ukingo hadi ukingo.

Gari la Bwana Merrick lilifika nyuma yao kwenye mteremko. Alipiga honi. Watu watatu wa pembeni waliyumba kuelekea mtaroni, wakaona wenzao hawajatoka, wakarudi. Alipiga tena, akaikandamiza bila kuiachilia. Nasike aliangalia mbele. Alisikia injini ikikaribia mpaka joto lake likamfikia miguuni, halafu chuma kikagusa madigadi ya gurudumu la nyuma, kikasukuma. Baiskeli iliruka kidogo. Mguu wake wa kulia ulitoka kwenye pedali, ukaitafuta, ukaipata.

"Bado uko, Mama Namalwa?" Chelimo akauliza, bila kugeuka.

"Niko."

Chuma kiligusa tena, mara hii kidogo zaidi, kisha injini ikapunguza sauti. Bwana Merrick alitoa kichwa dirishani akasema maneno mengi kwa lugha yake. Baada ya hapo aliendesha nyuma yao kwa mwendo wa baiskeli, maili mbili na nusu, mpaka Langas.

Wiki ile ofisi iliandika barua ya sita. Ilieleza kwamba suala la njia ya baiskeli limepokelewa upya, na kwamba litaangaliwa katika makadirio ya miaka ijayo. Ililetwa asubuhi na Kipyego mwenyewe, kwa miguu, kwa sababu aliona aibu kumpa Murunga aipeleke. Chepkoech aliiwashia jiko.

Kesho yake asubuhi Murunga alikuwa kwenye barabara yake, na Kipkemboi kwenye yake. Jioni watu wa Langas walitoka mjini wakiwa hamsini na wanne. Nasike alikuwa katikati, amepandisha gauni juu ya magoti, na gari lililokuwa nyuma yake lilipiga honi njia nzima.