Foleni ya Sajenti

Zenon alikuwa ameshapita nyumba ya mwisho ya Izia, akiswaga maksai wawili kwenda Milepa, wakati maksai wake wa tatu alipojing'oa kwenye vigingi uani na kushika njia ya mjini. Huyo aliitwa Sajenti. Alikuwa amekufa Jumapili na nyama yake majirani walishaila, kwa hiyo ilikwenda ngozi tu, imesimama kama gunia lililojaa upepo.

Zenon alijua kilichomuua. Alipompasua kifua alikuta mapafu yamegandana na mbavu, na maji ya njano. Homa ya mapafu. Lakini ukiripoti inawekwa karantini, ng'ombe hatoki wala haingii, na kulima ndiyo kumekaribia. Akafanya kama wengine wanavyofanya. Mapafu akawatupia mbwa, na maksai waliobaki akaenda kuwaficha bondeni kwa dada yake mpaka ugonjwa upite.

Kwenye ofisi ya mifugo Sajenti alipanga foleni nyuma ya mama mwenye kuku. Zamu yake ilipofika akakohoa kikohozi kikavu, cha kukata pumzi, ingawa mapafu yalikuwa tumboni mwa mbwa wa Izia.

Afisa mifugo Fabiani hakuinua kichwa. "Homa ya mapafu hiyo. Mwenyewe yuko wapi?"

Mhudumu, Klementina, akachungulia nje. "Kaja peke yake."

"Basi mimi nifanyeje? Ng'ombe hajiripoti, tena marehemu. Mwenye mifugo aje."

"Lakini kapanga foleni vizuri, bosi. Kukushinda wewe kule benki."

Fabiani akacheka, akaita anayefuata.

Sajenti akateremka ukingo wa bonde kwa njia ya mkato, mwepesi, upepo ukimsaidia. Zenon alipofika Milepa alimkuta amelala mlangoni mwa zizi la dada yake, Rozina. Humo ndani mlikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea Jenifa, mjukuu wa Rozina aliyefiwa na mama.

"Shikamoo kaka. Mbona huyu wako ananizibia mlango?"

"Marahaba. Mruke tu. Hata alipokuwa hai alikuwa mbishi."

"Na hawa, wazima?"

"Wazima kabisa."

Sajenti akakohoa. Mmoja wa wale maksai wawili, mwekundu, akamjibu, shingo kainyoosha, viwiko vya miguu ya mbele kavitanua.

Rozina akabaki na kamba mkononi, akimtazama kaka yake. Huyu ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto, utotoni.

"Vumbi la njiani," Zenon alisema.

Rozina akaikunja ngozi, akaiweka kando, akafungua zizi.

Mvua zilipochanganya, ng'ombe wa Rozina alikufa na ndama tumboni. Jenifa anakunywa uji mkavu, bila maziwa. Maksai mwekundu alikufa. Mwenzake alipona, anakohoa kidogo asubuhi, na Zenon humwazimisha majirani wakalime. Karantini ilitangazwa Milepa mazizi yakiwa matupu. Fabiani alihamishwa. Rozina bado humwamkia kaka yake, ila hamwangalii.

Sajenti alirudi kwenye foleni, na siku hizi nyuma yake anasimama ng'ombe wa Rozina na ndama wake ambaye hakuzaliwa. Watu huwapisha. Kila asubuhi Klementina, akifungua ofisi, huwaambia wamsubiri mwenye mifugo.