Furushi la Carlota

Mateus hakwenda kwenye kisomo kwa kukipenda Kiingereza. Alikwenda kwa sababu Katibu Kata alisema mbele ya watu kwamba asiyeonekana darasani, kibali cha kuvuka Ruvuma asikiote. Na Mateus alikuwa na furushi la kuvusha.

Lilikuwa na nguo za marehemu mkewe, Carlota: kanga, magauni, kilemba. Kwa watu wa Carlota, ng'ambo ya pili, mke akifa mume huzibeba nguo zake mwenyewe, mchana kweupe, akazikabidhi kwa mama mkwe mkononi. Akizipitisha kwa mtu mwingine, ni kama kusema alimtupa mkewe. Kuvuka kwa kujiiba angeweza, Kitaya nzima inavijua vichochoro vya mto. Lakini mwaka ule ulikuwa wa msako wa magendo. Mgambo akikukuta na kanga, wewe mlanguzi, na kanga zinachukuliwa. Wakubwa wakishakuita mwizi, huna pa kusemea.

Mwalimu Filipo alifundishia ndani ya ghala la korosho. Wiki ile yalikuwa maneno ya kutuma.

"'Send' ni kutuma," alisema. "'Send for' ni kuagiza mtu aje. 'Send away' ni kumfukuza. 'Deliver' ni kufikisha hadi mkononi mwa mwenyewe."

"Hilo la mwisho ndilo langu," alisema Mateus.

"Chukua yote, shemeji, sisi wengine tukalale," akadakia Hadija, jirani yake, kutoka benchi la nyuma.

Watu wakacheka. Mateus naye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha Katibu akaja na habari kwamba mgeni wa mkoani angekuja kukagua kisomo. "Ndugu Mateus, wewe utasimama. Ukiisema sentensi yako vizuri, jioni njoo uchukue kibali."

Sentensi aliyopewa ilisema serikali inatuma walimu kijijini kwetu. Mateus aliisema akipalilia mihogo, akaisema akichota maji, mpaka Hadija akalalamika kwamba hata mbuzi wake sasa wanalia Kizungu.

Siku ikafika. Mateus akasimama mbele ya mgeni, shati limefuliwa.

"The government sends..."

Hapo akakwama. Si kwamba alisahau. Lile neno lilimletea akilini Land Rover ya kata.

"Malizia, mzee," mgeni alisema kwa upole. "Inatuma nini?"

"Ilituma gari," Mateus alijibu kwa Kiswahili. "Mke wangu alikuwa kwenye baraza la zahanati, uchungu wa kuzaa umemkwama, wamesema apelekwe Mtwara. Gari lilikuwa limetumwa Mikindani kufuata ngoma za kumpokea mkubwa. Liliporudi akalisikia. Akaniambia, hilo linakuja, nifunge kilemba nisiende mjini kichwa wazi. Nikamfunga. Gari likapita na ngoma zake mpaka uwanjani."

Mgeni akamtazama Katibu.

"Ana msiba, mheshimiwa," Katibu alisema akitabasamu. "Akili bado haijatulia."

Jioni Mateus alikwenda ofisini hata hivyo.

"Nilikuahidi kwa masharti gani?" Katibu aliuliza.

"Sentensi, ndugu Katibu. Ninayo. Naomba niiseme sasa."

Akaisema pale mlangoni, kofia mkononi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea. Ilimtoka kama anameza mchanga, lakini aliisema yote, na serikali yake ndani. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Safi. Sasa umeiva," alisema, akafunga kalamu. "Nenda nyumbani. Kibali nitakutumia."

Mvua zikaja, mto ukajaa, mto ukapungua. Kibali hakikuja. Kila alipokwenda ofisini aliambiwa Katibu ametumwa wilayani. Mwishowe mvuvi mmoja alimletea salamu za mama mkwe: bibi anauliza, mwanangu alimkosea nini huyu bwana hata hataki kumrudisha?

Mateus alimkaribisha maji mvuvi yule, naye akanywa akaenda zake.

Kisha akalishusha furushi darini. Mende walikuwa wameanza kutoboa kanga. Akazikung'uta moja moja, akazitundika kwenye kamba. Kilemba hakukifungua, fundo lilikuwa lile lile alilolifunga yeye pale barazani, alikuwa amekivua kichwani kikiwa kizima hivyo hivyo. Nje jua lilikuwa kali, jua zuri la kuanikia nguo.

Alizianika ndani, mlango ameufunga, mgambo asije akaziona.