Mega Nane kwa Sekunde

Monicah ndiye aliyetunga wimbo wa ng'ombe anayekataa kukamuliwa, na sisi wanawake wa kikundi chetu hapa Mukurweini tukaucheza uwanjani mwa kanisa hadi mbuzi wakakimbia. Mjukuu wangu Shiro akatuchukua video, akaitia kwenye flashi, akanifungia flashi yenyewe ndani ya leso ili isipotee, kisha akarudi kazini Ruring'u.

Video hiyo ilitakiwa kufika Nanyuki, kwa waandalizi wa tamasha la nyimbo za wanawake, Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, jukwaa tungelisikia tu kwa wengine. Monicah ana miaka sabini na minane na magoti yake yameanza kumpigia kelele.

"Mwaka ujao nitacheza nikiwa nimekaa," alituambia. "Kwa hivyo ni huu."

Jumamosi hiyo tulifika mapema kwenye saiba ya Mercyline, duka lake la internet. Huyu ni mama kijana kutoka Kakamega, mumewe ni mwalimu hapa, na hajawahi kumwacha mwanamke mzee akae kwenye benchi tupu. Ana mto wake wa manyoya, huutoa kabla hujauliza. Nikafungua leso, nikampa flashi, akaichomeka.

"Mercyline, internet yako inapeleka mega ngapi?" Beth, mwenzetu wa kikundi, akauliza.

"Nane kwa sekunde, shosho."

"Na video yetu iko na mega ngapi?"

"Mia tisa na sitini," akajibu, akakimbilia mteja aliyetaka kuchapishiwa karatasi.

Beth alifanya kazi kwenye pampu ya dairy, kiwanda cha maziwa, hadi alipostaafu. Lori lilipokuja kuchukua maziwa, alikuwa anafumba macho, anagawa maziwa yaliyomo tangini kwa yale ambayo pampu husukuma kwa dakika, na kumwambia dereva kama ana muda wa kunywa chai. Sasa akafumba macho vilevile.

"Sekunde mia na ishirini. Dakika mbili!"

"Mbili tu?" nikasema. "Basi haraka ya nini?"

Katika kikundi chetu hakuna kitu kinachotoka bila maombi na chai, hata kiwe kreti ya mayai. Monicah akaombea nyaya, akaombea mlingoti ulio kilimani, akamwombea na yule atakayefungua video kule Nanyuki ili awe ameamka vizuri. Kisha nikafungua chupa yangu ya chai. Mercyline alikuja mara mbili kuuliza, "Tutume sasa?" na mara zote mbili tukampa kikombe. "Bado, mwanangu. Kunywa."

Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi, Beth akainua kidole kama anayefungulia pampu. "Sasa!"

Mercyline akabonyeza. Kwenye kioo pakaandikwa kwamba zimebaki dakika kumi na sita.

"Kumi na sita za nini?" Monicah akauliza.

"Za kutuma, shosho."

"Ati nini? Beth amesema mbili! Mashine yako imelewa?"

Mercyline akashika kichwa. "Woi! Mlikuwa mnangojea kwa sababu ya hiyo? Shosho, ile nane ya internet ni megabiti. Video inapimwa kwa megabaiti. Baiti moja iko na biti nane ndani yake. Kwa hivyo kwa sekunde moja inapita megabaiti moja peke yake."

Beth akafumba macho, akayafumbua, akaangua kicheko.

"Ngai! Niko na mitungi mia tisa na sitini, na pampu inasukuma vikombe vinane, na mtungi mmoja ni vikombe vinane. Nimegawa mitungi kwa vikombe! Ningefanya hivyo dairy, Mukurweini yote ingeogelea!"

Tulicheka hadi Monicah akapiga meza. "Chekeni, chekeni! Nanyuki inaenda!"

"Na hiyo kumi na sita ni kama mtu mwingine hatumii," Mercyline akasema.

Gatimu wa bodaboda, aliyekuwa pembeni akipakua sinema yake, hakungoja kuombwa. Aliizima palepale. "Tumieni yote, mashosho. Hawa wa sinema watapigana kesho."

"Kuna njia moja tu," Mercyline akasema polepole. "Tukate video."

Dansi yetu ni dakika tano. Dakika kumi na moja za mwanzo ni Monicah anasalimia: chifu, wachungaji, watu wa dairy, na binti za Mukurweini walioolewa Timau. Mimi nikatazama kikombe changu. Beth akatazama dari.

Monicah akavua miwani.

"Mnaogopa nani? Kateni mdomo, muache miguu!"

"Pole, shosho," Mercyline akasema, akamshika mkono.

"Hakuna pole. Kata!"

Mercyline akakata. Zikabaki mega mia tatu.

"Megabaiti?" Beth akauliza kwa ukali.

"Megabaiti."

"Na inapita moja kwa sekunde. Mia tatu... dakika tano! Niko sawa?"

"Uko sawa kabisa."

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika sita. Mercyline akabonyeza tena, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Nikawaambia wenzangu tukae kimya tusiubabaishe, lakini Gatimu akaanza kuimba wimbo wetu wa ng'ombe kwa sauti ya pua, "Simama, Njata, mtoto analia," na nani angekaa? Tulicheza kati ya meza na mashine ya kuchapisha. Mteja mwenye karatasi zake akaziweka kichwani akacheza pia. Karibu na mwisho mstari ukasimama, na Monicah akaupiga ubao wa meza kofi kama anayempiga ng'ombe ubavuni.

"Songa, wewe!"

"Usipige mashine, shosho!"

Ukasonga. Likatokea neno moja: Imepokelewa. Kasoro dakika moja.

"Imefika yote?" Monicah akauliza kwa sauti ndogo.

"Yote. Wameipata."

Monicah akashuka taratibu hadi sakafuni kwa kicheko, na magoti yakakataa kumwinua. Mercyline akamletea mto. Nasi hatukumwinua. Tuliketi chini pale pamoja naye, Gatimu katikati yetu na kofia yake ya pikipiki, tukacheka hadi wateja waliokuwa mlangoni wakaingia kuuliza tumeshinda nini.