Safu ya "Ameambiwa"

"Hilo daftari si ungeliacha tu getini, mzee?" katibu aliuliza, akimsogezea benchi kwa mguu.

"Daftari haliachwi," bawabu alisema. "Likiachwa, ni sawa na geti kuachwa."

Akakaa. Daftari alikuwa amelifunga kwa nailoni, kwa mazoea ya siku za mvua, ingawa nje kulikuwa kukavu. Kutoka kwenye benchi lile, katika ujia mwembamba wa jengo la utawala, geti halikuonekana, na jambo hilo lilimkosesha raha kuliko kamati ya nidhamu iliyomwita. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukaa ndani ya chuo saa tatu asubuhi bila kuliona geti. Alijikuta akitega sikio. Nani alikuwa ameshika kamba ya boriti inayoziba njia sasa hivi? Je, alijua kwamba boriti ile haitaki kuvutwa kwa nguvu, inataka kuachiwa jiwe la upande wa pili lifanye kazi?

Upande wa pili wa benchi alikaa kijana waliyemwita Wakili. Hakuwa akisomea sheria. Alikuwa mwaka wa tatu wa hesabu. Jina alipewa kwa mdomo wake. Leo mdomo ulikuwa umefungwa na shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Waliambiwa wasizungumze mpaka waitwe.

Mkuu wa ulinzi alipita mbele yao, akarudi, akainama karibu na sikio la bawabu.

"Soma kilichoandikwa, basi," alinong'ona. "Usiongeze, usipunguze. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, na mimi ndiye nitakayeulizwa kama unafaa."

"Nimesikia, mkuu."

Kilichoandikwa kilikuwa alama moja ya wino wa buluu, Jumanne, mstari wa ishirini, katika safu ya "Ameambiwa".

Kanuni ya pikipiki pale chuoni ilikuwa fupi. Mwanafunzi akifika getini azime injini, ashuke, aisukume pikipiki yake hatua mia mbili hadi kwenye banda nyuma ya maktaba. Kazi ya bawabu ilikuwa kuinua boriti, kuandika namba, na kusema neno moja: "Zima!" Nao wanafunzi, vizazi na vizazi, walimjibu, "Mzima!" kana kwamba amewajulia hali. Utani huo ulianzishwa na watu ambao sasa wana watoto wa kuwapeleka shule, lakini bawabu aliucheka kila asubuhi kama ameusikia mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo wakamwita Mzee Zima, na jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Wakili ndiye aliyekuja kuugeuza utani kuwa mjadala.

"Mimi ni mtu mzima, mzee," alisema siku moja, injini bado ikinguruma, foleni ya pikipiki ikirefuka nyuma yake. "Najua mwenyewe pa kuzima."

"Basi, mtu mzima, zima."

Foleni nzima ilicheka. Hata yeye alicheka, akazima. Lakini kesho yake alirudi na jingine.

"Chuo ni mahali pa uhuru, mzee."

"Uhuru pita nao. Injini ndiyo ibaki kimya."

"Na nani alitunga sheria hii? Utawala?"

"Ninyi."

"Sisi nani?"

Bawabu alimweleza huku akiandika. Zamani alikuwepo mwalimu mmoja aliyepata maradhi ya koo, sauti ikamwisha hadi akawa anafundisha kwa mnong'ono. Pikipiki ikipita nje, darasa zima linapoteza sentensi. Wanafunzi wenyewe wakaitana kwenye nyasi mbele ya maktaba, wakanyoosha mikono, wakaamua: tutasukuma. Hakuna mkubwa aliyewaagiza. Asubuhi ya kwanza walikuja wote pamoja, pikipiki kumi na nne, wakazisukuma kimya kama watu wanaosindikiza kitu.

"Na mwalimu huyo yuko wapi sasa?" Wakili aliuliza.

"Alishafariki. Siku nyingi."

"Basi tunamnyamazia nani?"

Bawabu aliinua boriti. Aliondoka na swali hilo hadi nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Wakili naye hakuliacha. Aliliandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo: kwamba kila mtu ana haki ya kwenda kwa mwendo wake, kwamba kukubaliana kwa watu waliokwisha kuondoka hakuwezi kuwafunga waliopo, na kwamba iko siku atapita getini injini ikinguruma, aone nani atakufa. Waliomuunga mkono walichora nyota pembeni ya maneno yake. Wengine waliandika, "Sisi tunaosoma tuna haki gani?"

Huyo ndiye Wakili aliyejulikana na kila mtu. Bawabu alimjua na mwingine.

Mwaka uliopita bawabu alimzika mkewe. Aliporudi kazini, asubuhi ile ya kwanza, wanafunzi walipita mmoja mmoja, na kwa kuwa walimpenda walimchangamsha kama kawaida: mzima, mzee, mzima! Alijitahidi kucheka. Kisha akaona, mbali kule njia panda, karibu na meza ya fundi viatu, pikipiki nyekundu imesimama. Mwenye pikipiki alizima palepale, akashuka, akaisukuma barabara yote hadi getini bila kuambiwa na mtu. Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akapita. Alikuwa Wakili.

Halafu, wiki mbili zilizopita, habari zikafika getini kama zinavyofika habari zote: mama yake Wakili amefariki, kijana ameondoka. Alikuwa nje siku kumi na moja. Jumanne ya mtihani alirudi, vumbi la safari likiwa hadi kwenye kope. Bawabu alimwona akija, akafikiri: huyu leo simwamrishi. Akainua boriti mapema. Kijana alipofika alipunguza mwendo, akamtazama, kama mtu anayengoja. Bawabu akamuuliza taratibu, kama baba na mwanawe:

"Mzima?"

"Mzima," Wakili alijibu.

Akapita. Injini ikinguruma. Alipita kando ya maktaba, akapita chini ya madirisha ya ukumbi wa mitihani ambamo watu mia tatu walikuwa wameinamia karatasi, akafika bandani, na hapo ndipo kelele zilipokoma.

Mlango ulifunguliwa. "Ingieni."

Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Pembeni yake walikaa mkuu wa ulinzi na mwakilishi wa wanafunzi, binti mwembamba aliyekuja na peni tatu.

"Kijana," mwenyekiti alianza, "ulipita na injini?"

"Nilipita, mama."

"Uliandika kwenye ubao kwamba utafanya hivyo."

"Niliandika."

"Basi kuna cha kujitetea?"

Wakili alifungua kinywa, akakifunga. Ilikuwa ajabu kumwona akikosa neno. "Sikukusudia," alisema mwishowe.

Mwakilishi alishindwa kujizuia. "Kaka, uhuru wako ulinipitia dirishani nikiwa swali la nne. Nilikuwa nimelishika, likaniponyoka. Jirani yangu alilia. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochora nyota kwenye karatasi yako, unajua hilo? Nilidhani unadai jambo letu sote. Kumbe unadai barabara."

"Pole," Wakili alisema, naye alimaanisha.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Tusikilizane. Kamati inataka kujua jambo moja. Aliyesahau, kanuni inampa onyo. Aliyeambiwa azime akakaidi, huyo anasimamishwa masomo mwaka mzima. Daftari la getini lina safu kwa ajili hiyohiyo." Alivaa miwani. "Mzee, tusomee."

Bawabu alifungua nailoni. Ilitoa sauti kubwa katika chumba kile. Alikuta Jumanne, mstari wa ishirini, akasoma namba ya pikipiki, akasoma saa, akafika kwenye alama ya buluu.

Safu hiyo ililetwa miaka michache nyuma, baada ya mwanafunzi mmoja kudai hakuambiwa. Mwanzoni bawabu alitia alama kila aliposema neno lake. Lakini asubuhi kuna foleni, mkono mmoja uko kwenye kamba na mwingine kwenye peni, na neno lenyewe hakuwahi kukosa kulisema. Akawa anafika alfajiri, anapiga mistari kwa rula, kisha anashuka na safu yote, vyema, vyema, vyema, toka juu hadi chini, kabla pikipiki ya kwanza haijatokea. Hakuona kama ni uongo. Aliona ni kama kufagia kabla ya wageni.

"Ameambiwa?" mwenyekiti aliuliza.

Mkuu wa ulinzi alikuwa akiangalia meza.

"Imeandikwa ameambiwa," bawabu alisema.

Katibu akaanza kuandika. Peni ilikwaruza karatasi. Wakili hakuinua uso. Bawabu alitazama ile alama, ilivyokuwa nzuri, imenyooka, imetiwa na mkono uliotulia wa mtu ambaye hajaona bado siku itakavyokuwa.

"Lakini sikumwambia," alisema.

Peni ikasimama.

"Sema tena, mzee."

"Sikumwambia azime. Nilimjulia hali. Amefiwa na mama yake, nikaona aibu kumwamrisha. Nilimuuliza kama ni mzima."

Mwakilishi alikaribia kucheka, kisha akaona uso wa kijana na kicheko kikamkauka.

"Na hii alama?" mwenyekiti aliuliza.

"Hizi natia alfajiri. Zote. Kabla hawajaja."

"Siku zote?"

"Tangu lini sikumbuki. Siku zote."

"Mzee," mkuu wa ulinzi alisema kwa sauti ndogo, "umejimaliza."

Mwenyekiti alivua miwani, akaiacha ining'inie. Alimgeukia Wakili. "Wewe, kwa nini hukuyasema haya? Ulikuwa na utetezi."

"Sikujua kama ni utetezi, mama." Kijana aliongea polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. "Mkono ulikuwa kwenye ufunguo. Miaka mitatu nimebishana na mzee huyu, na miaka mitatu mkono wangu unazima akisema. Siku ile nilikuwa nangoja aseme. Hakusema. Nilifika bandani ndipo nikasikia kelele, nikajiuliza ni za nani."

Mwakilishi alikuwa akipanga peni zake sambamba mezani.

Uamuzi haukuchukua muda mrefu. Shtaka la kukaidi lilifutwa. Wakili alipewa onyo na kuruhusiwa kuendelea na mitihani. Mwakilishi aliomba iandikwe kwamba wanafunzi wataitana upya juu ya kanuni ya pikipiki, waliopo, wakubali au wakatae kwa mikono yao wenyewe. Kuhusu bawabu, mwenyekiti alisema maneno mengi ya heshima, na mwisho wa maneno hayo ilikuwa kwamba daftari libaki kwa katibu, naye asikae getini mpaka atakapoandikiwa barua.

"Barua ya kurudi, mama, au ya kuaga?"

"Sijui, baba. Nisikudanganye."

Aliacha daftari mezani. Nailoni aliikunja akaitia mfukoni.

Nje, Wakili alimfuata hadi kwenye ngazi. "Mzee, mbona umesema? Ungesoma tu ukanyamaza."

"Wewe ungekaa nyumbani mwaka mzima."

"Ndiyo. Na sasa utakaa wewe."

"Mimi nina nyumba yangu. Wewe utakwenda kukaa kwa nani?"

Kijana alisugua macho kwa kiganja. "Lile swali langu, la mwalimu. Tunamnyamazia nani. Hukunijibu."

"Bado sijapata." Bawabu alimpiga begani mara mbili. "Siku watakapoitana, nenda. Usiende kushinda tu. Nenda usikilize na yule binti wa peni tatu. Haya, wahi mtihani."

Getini alisimama mlinzi mgeni, akiivuta boriti kwa mikono miwili huku jasho likimtoka. Bawabu alitaka kumwambia habari ya jiwe, akaona si pahali pake tena, kisha akamwambia hata hivyo. Halafu akashika njia.

Alifika nyumbani saa nne na nusu. Watoto wake walishaoa na kuolewa, wakahamia mbali. Ndani hakukuwa na mtu. Alifungua dirisha, akavua viatu, akasimama katikati ya chumba akiwa hajui watu hufanya nini saa kama hizi. Akavuta kiti akakaa mezani.

Juu ya meza kilikuwepo kitambaa alichokishona mkewe, chekundu kilichoiva, isipokuwa pembe moja ambayo ilikuwa imepauka hadi rangi ya maziwa. Mara ngapi alimlalamikia kwa ajili ya pembe ile: umenunua kitambaa hafifu, umetia dawa ya kufulia kupita kiasi. Mkewe hakuwa akijitetea. Alicheka tu, akasema, "Kaa nyumbani siku moja, baba."

Jua lilikuwa limepita juu ya paa la jirani. Liliingia dirishani, likashuka ukutani, likapanda meza. Lilitambaa taratibu kuelekea pembe iliyopauka, halikukosea hata upana wa kidole kimoja. Bawabu aliweka mkono wake pale, kiganja juu, akangoja limfikie.