Mgongo wa Mama Umba

Nimelala katika stesheni nyingi za nchi hii na watu wamenisingizia mambo mengi, lakini kusingiziwa na simu ilikuwa mara ya kwanza. Video yenyewe ilikuwa fupi. Moshi, majani yanawaka, watu wamejipanga na fimbo, mwanamke anakimbia na beseni mkononi. Mbele ya wote amesimama mzee mrefu, kofia imetoboka, fimbo juu. Mzee yule ni mimi. Sauti ya redio ikasema: hii ndiyo association ya Madame Déborah, chama kinachojidai kutetea mashamba, kumbe kinayachoma na kuwafukuza wakulima. Mwishoni ikatokea picha ya mheshimiwa mmoja, mgombea, anacheka, na namba yake ya kura.

Kampanye ya uchaguzi ilikuwa imeanza wiki ile. Madame Déborah ni mwalimu wa shule ya msingi, Mmethodisti. Alikuwa ameandika barua ya kumpinga mheshimiwa yule yule asikate viwanja katika mashamba ya nyuma ya reli. Barua ilitakiwa kufika ofisi ya jimbo Jumatatu, na chini yake majina ya wenye mashamba. Bila majina, vigingi vya kupimia viwanja vingepigwa ndani ya mihogo ya watu. Video ikapita kutoka simu hadi simu, na kufika Alhamisi majina kumi na tisa yalikuwa yamefutwa.

La kwanza kufutwa lilikuwa la mama Umba, mkulima, Mkatoliki, mwenye shamba alilolima babu yake. Aliiona video kwenye simu ya jirani, ile yenye kioo kilichopasuka, na akamlilia yule mwanamke anayefukuzwa. Alimwambia Déborah kwamba hawezi kuweka jina lake pamoja na watu wanaopiga wamama.

Sasa nieleze ile fimbo. Kila mwaka, mwezi wa saba, majani yakikauka, tunachoma pori. Watu wanajipanga mbele ya moto, na panya wanatoka mbio, na nyuma yao simbiliki, wale panya wakubwa wa majanini ambao nyama yao inatosha sufuria nzima. Mwanaume anapiga, mwanamke anaokota na kutia ndani ya beseni. Siku ile Mathieu, karani wa mheshimiwa, alipita na pikipiki yake akaomba atupige video. Mimi nilisimama vizuri. Hata kofia niliinyoosha. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma: silaha nilimpa mimi mwenyewe.

Ijumaa Mathieu akafika ninapolala. Alisalimia kwa heshima sana, akasema mheshimiwa amenikumbuka, akatoa tikiti ya treni ya kwenda Lubumbashi.

“Papa Kapenda, weye uko muntu wa njia,” akasema. “Hii mambo ya mashamba haiko yako.”

Kweli sina shamba, na miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Mwaka mwingine wowote ningeipokea nikaenda. Nilimuuliza kwa nini video yake haina panya hata mmoja. Akajibu kwamba panya walikuwa wadogo, hawakuonekana.

“Basi kesho nitabaleta karibu,” nikamwambia, na tikiti nikairudisha ndani ya mfuko wa shati lake.

Jumamosi watu walikusanyika katika uwanja wa nyumba ya Déborah, wengi wamekuja kufuta majina tu. Nikaingia na kofia ile ile, fimbo ile ile, na kijiti cha panya waliokaushwa. Mtu mmoja akasema jambazi amefika. Nikamwambia ndiye, na nikakaa mbele. Nilimwomba Déborah afungue video, azime sauti, aisimamishe pale mwanamke anapokimbia. Simu ikapita mkono kwa mkono. Mwanamke yule alionekana kwa nyuma tu, amevaa kitenge cha yubile ya parokia, picha ya kengele kubwa katikati ya mgongo, na chini yake kiraka cha rangi ya machungwa.

Watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama mama Umba. Kitenge hicho ndicho anachovaa kila akitoka nyumbani, na alikuwa amekivaa.

“Mama Umba,” nikasema, “ile mugongo iko ya nani?”

Alijigeuza huku na huku, kama kuku anayetafuta mkia wake. “Minyi siyaonaka mugongo yangu hata siku moja,” akasema. Akaikazia macho simu. “Ile beseni iko yangu.”

“Na ulikuwa unakimbia nani?”

“Sikukimbia muntu. Nilikuwa nafukuza simbiliki. Ile munene, njo iliponyoka.” Akairudisha simu. “Kumbe nililia minyi mwenyewe.”

Watu walicheka sana, kisha wakaacha, kwa sababu mama Umba alikuwa amesimama na hakuwa anacheka.

“Banakamata mugongo yangu bila kuomba, na kesho banakamata shamba,” akasema. “Madame, leta biki.”

Akaandika jina lake upya, herufi kubwa, likala nafasi ya watu wawili. Wengine wakafuata. Wanne hawakurudi, na siwasemi vibaya. Woga nao unakaa na watu.

Jumatatu tulipeleka barua kwa miguu. Déborah aliogopa fimbo zitawapa watu wa mheshimiwa picha nyingine, akaomba tuziache. Mama Umba alikataa, akasema fimbo yake haijamwibia mtu. Tukapita chini ya kitambaa kikubwa chenye sura ya mheshimiwa, fimbo mabegani, panya wangu mbele kama bendera. Ofisini karani wa jimbo alipiga muhuri kwenye nakala yetu bila kutuangalia.

Tulipotoka, Mathieu alikuwa ng'ambo ya barabara, simu juu. Nikanyoosha kofia. Mama Umba akamgeukia, akamngoja mpaka simu ikae sawa.

“Weye Mathieu, safari hii kamata sura,” akamwambia. “Mugongo bantu bamekwisha kuijua.”