Kizuka Mwenye Ndevu

Risasi ilimwingia Atabo kwa nyuma ya paja, na hilo peke yake lilitosha kumtia aibu, maana askari anayekwenda mbele hapigwi kwa nyuma. Wenzake walikimbia kumzidi. Wakamwacha vichakani, upande wa Biafra, akijiburuta na kulala na kujiburuta tena, akifuata harufu ya moshi wa jikoni kama mbwa wa mtaani, mpaka akatokea nyuma ya ua wa watu na kuona ghala la viazi vikuu.

Viazi vilikuwa vimefungwa kwenye nguzo, kimoja juu ya kingine, vimetulia kama watu walio ibadani. Atabo alikuwa mwana wa wakulima wa Idah, ng'ambo ya mpaka. Alijua vizuri watu wanavyomfanya mwizi wa ghalani, na kwamba hata mama yake angetema mate. Akafungua kamba, akachomoa kiazi, akakitafuna kibichi pamoja na udongo wake. Mdomo ukamuwasha hadi machozi yakamtoka.

Hivyo ndivyo Urediya alivyomkuta. Urediya alikuwa mjane, amenyolewa kipara, amevaa kaniki, na mumewe hata udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka. Akamtazama yule mtu, akatazama sare, akatazama damu.

"Hicho ni cha mbegu," akasema. "Vya kula viko upande ule."

Kisha akaenda kumwita wifi yake.

Wifi mwenyewe aliitwa Okwuoma, dada mkubwa wa marehemu. Alikuwa amerudi kwao kusimamia matanga, kama mabinti wa ukoo wanavyofanya, na akipita barazani wanaume walipunguza sauti bila kuambiwa.

"Kuna mtu ghalani," Urediya alimwambia.

"Wa kwetu?"

"Wa kwao."

"Mzima?"

"Nusu."

Okwuoma akaja na fimbo yake. Atabo akaanza kuomba msamaha kwa lugha yao, maana mama yake alikuwa akiuza samaki wakavu katika masoko ya huko, naye alikulia mgongoni akisikia. Aliiongea vibaya, lakini kuomba maisha hakuhitaji maneno mengi.

"Nyamaza, nafikiri," Okwuoma alisema. Akafikiri. "Ndugu yangu alikuwa na wake wawili. Yule mdogo, Ojiugo, bunduki zilipoanza kulia alichukua sufuria zake akakimbilia kwao. Sasa ndugu yangu analiliwa na mke mmoja kama kapuku, na watu wameanza kuuliza. Wewe nawe unatafuta pa kujificha. Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Basi umeolewa, na umeshafiwa. Twende."

Walimnyoa kichwa na ndevu kwa kipande cha chupa. Walimpaka majivu usoni, wakamfunga kaniki kifuani, wakamketisha juu ya majani makavu ya mgomba katika kibanda cha eda, karibu na Urediya. Sare ikaenda motoni, bunduki chooni. Kidonda wakakifunga kwa majani yaliyopondwa na mafuta ya mawese. Wakampa kijiti, kwa sababu kizuka, mjane aliye edani, hajikuni kwa mkono, na bakuli lenye ufa, kwa sababu chombo cha kizuka hakirudi jikoni.

"Nikikuita Ojiugo, unaitikaje?" Okwuoma alimuuliza.

"Naam."

"Naam ni mumeo. Rudia."

"Abee."

"Umesema kama fahali. Lainisha."

Palikuwa na kazi nyingine. Kizuka hulia kila alfajiri jogoo akiwika, kijiji kisikie kwamba marehemu alikuwa na watu. Jogoo wa mwisho alikuwa ameshaliwa, kwa hiyo Okwuoma ndiye aliyewika, kwa ncha ya fimbo kwenye ukuta. Urediya akaanza kilio, kirefu, cha kupanda na kushuka. Atabo akafuata. Ikawa kama beberu aliyefungwa kamba fupi.

"Ojiugo," sauti ya Okwuoma ikatoka nje, kwa upole wa kutisha, "mumeo amekufa. Hajakukanyaga mguu."

Urediya akaziba mdomo kwa upindo wa kaniki, mabega yakimtikisika, na waliokuwa wakipita njiani wakasema maskini, mke mkubwa amezidiwa na uchungu.

Mgambo walikuja wakifuata michirizi ya damu, vijana wenye mapanga na bunduki moja. Wakauliza kama kuna mharibifu yeyote aliyepita, maana ndivyo walivyowaita askari wa serikali. Okwuoma akawafungulia mlango wa kibanda kabisa.

"Ingieni, wanangu. Ila mwanamume anayemkodolea macho kizuka kabla hajaogeshwa, atajieleza mwenyewe kwa mkewe kitandani."

Hakuna aliyeingia. Mmoja alichungulia akiwa amefumba jicho moja, labda kujipunguzia hasara, kisha wakaenda kutafuta kwa jirani.

Atabo akakaa. Alikula viazi vya watu na hakuvilima. Ilimchukua muda kugundua kwamba bakuli la Urediya lilikuwa likipungua kila lake lilipojazwa. Alipogundua, alilisukuma lake kwake, naye Urediya akalirudisha kwa kijiti.

"Kula, mke mwenzangu. Mimi nilishaolewa vya kutosha."

"Marehemu aliugua nini?" Atabo akamuuliza, kwa kuwa ni aibu kumlia mtu usiyemjua.

"Hakuugua. Alikwenda sokoni kununua chumvi. Ndege ikapita."

Atabo aliikumbuka siku ile. Walikuwa kambini wakila maharage, ndege ya upande wao ikapita chini, na kambi nzima ikasimama kupiga makofi. Yeye alipiga makofi huku kijiko kimo mdomoni. Alfajiri iliyofuata alilia bila kuambiwa apande wala ashuke, na Okwuoma akaja akasimama mlangoni.

"Leo umelia vizuri," akasema. "Nani kafa?"



Baadaye mizinga ikahamia kilima cha karibu. Mgambo wakatoweka, na wenye miguu wakakimbia nao. Waliobaki walikuwa wazee, wagonjwa na wenye matanga. Okwuoma akaingia kibandani, akaketi chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Watu wako wanakuja," akasema. "Nasikia wanabeba kila kitu mpaka milango. Sisi hatuna cha kujitetea. Tuna wewe."

"Nitasimama mlangoni," Atabo alisema. "Nitawaambia mimi ni nani, na ninyi ni nani kwangu. Hawatagusa kitu. Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi nimekusikia."

Usiku kucha aliyafanyia mazoezi maneno yake, kimoyomoyo, kwa sauti ya kiaskari.

Walifika asubuhi kwa lori. Kabla hajawaona alimtambua mmoja kwa kicheko. Alikuwa Koplo Bitrus, wa kikosi chake mwenyewe, aliyelala naye hema moja. Bitrus hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kipaji cha kuwapa watu majina. Kuna askari aliyewahi kujikojolea mizinga ikilia, Bitrus akambatiza Bomba, na mpaka meja alimwita Bomba, na barua zake zikaja zimeandikwa Bomba. Mtu akishabatizwa na Bitrus, jina humfuata mpaka kwao.

Atabo aliinuka kwa goti moja. Maneno yalikuwa tayari kooni. Halafu akajitazama. Akaiona kaniki iliyofungwa kifuani, miguu iliyojaa majivu, kijiti cha kujikunia mkononi. Akalisikia jina ambalo Bitrus angempa. Alilisikia likisomwa kwenye gwaride, akalisikia likifika Idah kabla yake na kumngoja sokoni kwa mama yake.

Akakaa tena.

Bitrus akachungulia mlangoni. "Kuna wajane wawili humu," akawaambia wenzake. "Huyu mmoja ana mabega ya kubebea mzinga. Marehemu Atabo angekuwapo angemchumbia, alipenda wenye nguvu."

Wakacheka. Atabo akainamisha kichwa magotini, akalia kilio cha kizuka, cha kupanda na kushuka, na safari hii kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Wakaenda ghalani. Walianza na viazi vya kula, kisha wakafungua kamba za vile vya mbegu. Urediya akatoka mbio, kizuka asiyetakiwa kutoka, akakumbatia nguzo.

"Hivyo ni vya mbegu," alisema. "Chukueni vyote, vya mbegu mtuachie. Tutapanda nini?"

Mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki. Akaanguka juu ya mkono wake, na mlio wa mfupa Atabo aliusikia kutoka kibandani, licha ya kilio chake mwenyewe.

Okwuoma alikuwa amesimama katikati ya ua. Hakuwatazama askari. Alikuwa akitazama mlango wa kibanda.

"Ojiugo," akaita.

Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu anavyomwita wa nyumbani kwake, mara moja, na akangoja. Atabo alikuwa na nafasi ya kujibu. Lori lilikuwa bado linapakiwa, askari walikuwa wanafuta jasho. Hakusema naam, hakusema abee. Lori likawaka, likaondoka.

Walimfunga Urediya mkono kwa vibanzi vya mwanzi. Atabo alitaka kusaidia, Okwuoma akamwambia akae alipo. Hakumtukana, na Atabo angelipa chochote atukanwe. Alimwogesha kwa maji baridi nyuma ya kibanda, akachoma kaniki, akavunja bakuli lenye ufa, akampa suruali na shati la marehemu.

"Kizuka haondoki na matanga mwilini," akasema. "Nenda. Watu wako hawako mbali."

"Mama, mimi—"

"Nina mtoto wa kiume katika jeshi letu. Sijui aliko. Tangu ulipokuja naomba kila alfajiri na yeye awe mjane wa mtu, mahali fulani." Akamfunga kifungo cha juu cha shati, kama mtoto anayepelekwa shule. "Ila awe mjane bora kuliko wewe."

Kambini walimpokea kwa shangwe. Aliwaambia alijificha msituni. Bitrus alimkumbatia, akalia machozi ya kweli, akamletea kipande cha kiazi kilichochomwa jivuni. Atabo akakitambua kwa udogo wake, kilikuwa cha mbegu. Akala, wanamtazama kwa upendo. Kilikuwa kimeiva vizuri, lakini mdomo ulimuwasha mpaka asubuhi.

Vita vikaisha. Atabo akarudi Idah, akaoa, akalima. Kila mavuno alitenga viazi vya mbegu pembeni, vile vizuri, na kila mwaka mvua za kwanza zilipokaribia akapata sababu ya kutokwenda. Mara barabara mbovu, mara paja linauma. Mkewe akadhani ana mwanamke huko. Hakukosea sana.

Mwaka ule mwishowe alipokwenda, mzigo ulimzidi, ikabidi amchukue shemeji yake Ameh wasaidiane. Ameh alikuwa mtu mwema mwenye mdomo kama redio ya sokoni. Njiani Atabo alimweleza tu kwamba kuna watu waliomhifadhi wakati wa vita.

Wanaume wa ukoo waliwakaribisha barazani, wakaleta sahani ya kokwa za kola kama inavyoletwa kwa mgeni wa heshima. Atabo akaanza kueleza kiaskari, kifua mbele, kwamba alikuwa sajini na alijeruhiwa. Urediya akatokea jikoni. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kama mpini wa kijembe. Alimtazama, na maneno ya usajini yakamwishia Atabo mdomoni.

Kisha fimbo ikasikika. Okwuoma alitokea nyuma ya nyumba, amekunjika, macho yameingia ukungu. Baraza likanyamaza. Akasimama katikati ya ua, palepale.

"Ojiugo," akaita.

Mara moja, na akangoja. Wazee wakatazamana. Ameh akageuza shingo kumtafuta mwanamke anayeitwa. Atabo aliiona Idah yote mbele yake, soko, kilabu cha pombe, watoto wa shule wakimpigia kelele njiani. Sahani ya kola ilikuwa mkononi mwake. Akaiweka chini.

"Abee," akasema.

Ilitoka kama fahali. Akainuka, akatoka kwa wanaume, akavuka ua kwa mguu wake mbovu, akapiga magoti mbele ya yule mzee kama wake wa ukoo ule wanavyomsalimu wifi mkubwa. Nyuma yake alimsikia Ameh akivuta pumzi, pumzi ya mtu aliyepata habari ya maisha yake.

"Umechelewa kuitika," Okwuoma alisema.

"Nimechelewa, mama."

"Umeleta nini?"

"Vya mbegu."

"Mke mwenzako atakuonyesha pa kuvifunga. Ulivila, lakini kuvifunga sidhani kama unajua."

Atabo hakuinuka. "Mama, mwanao alirudi?"

Okwuoma aliliegemea bega lake badala ya fimbo, kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mkubwa tena.

"Bado yuko edani," akasema.

Mchana ule wote Atabo alifunga viazi ghalani, Urediya akimpa kamba kwa mkono mzima, na kila fundo Atabo alilokosea, yeye alilifungua kwa ule uliopinda, akamrudishia afunge upya.